Risiti ya Arusha, kesi ya Namanga: Sheria za uwindaji na silaha zinavyomnasa mfanyabiashara njiani

LORI la vitunguu linaondoka Singida jioni. Kwenye kabini wamo watatu: dereva, utingo wake na mama mwenye mzigo. Karatasi za mzigo zimekamilika. Cheti cha afya ya mimea kipo, cha uasilia kipo, ankara ipo. Soko la Nairobi linasubiri.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutega mnyama. Hata hivyo, kabla ya kufika Nairobi watapita sehemu kadhaa ambazo sheria ya wanyamapori au ya silaha inabadilika bila kibao kikubwa cha kuwaonya. Wakikosea sehemu moja tu, vitunguu vitaoza huku lori likishikiliwa kituoni kama kielelezo.

Safari hii ni ya mfano, lakini barabara yake ni ya kweli na sheria zake ni za kweli. Maelfu ya wafanyabiashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupita njia za namna hii kila wiki wakijua viwango vya ushuru kwa kichwa, bila kujua kwamba kipande cha nyama kavu kwenye mfuko wa chakula kinaweza kuwagharimu kuliko mzigo wote.

Swala aliyegongwa ni wa nani?

Mtego wa kwanza uko kati ya Babati na Arusha. Barabara hiyo inakata eneo la Kwakuchinja, mapito ya wanyama kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Barabarani hapo si ndani ya hifadhi. Kuna vijiji, maduka na mifugo, na watu wanaishi maisha yao kama kawaida. Lakini usiku pundamilia, nyumbu na swala huvuka lami kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Tuseme lori linamgonga swala saa tano usiku. Dereva anasimama, anakagua taa, anashukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Utingo anamtazama mnyama na kusema maneno yanayosemwa na wengi: nyama hii itaharibika bure, tuipakie.

Hapo ndipo ajali inapogeuka kuwa jinai. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Mnyama hapotezi hadhi hiyo kwa kutoka nje ya hifadhi, wala kwa kufa. Kumgonga kwa bahati mbaya ni ajali ya kutolewa taarifa. Kumpakia ni kumiliki nyara ya Serikali bila kibali.

Neno nyara linawapotosha wengi. Mtu akilisikia hufikiria meno ya tembo au pembe za kifaru. Kisheria, nyara ni sehemu yoyote ya mnyamapori: nyama, ngozi, mfupa, ukucha, mkia, hata yai. Paja la swala lililofunikwa na turubai ni nyara sawasawa na jino la tembo, ingawa thamani zake zinatofautiana.

Na thamani ndiyo inayoamua ukubwa wa adhabu. Wafanyabiashara huzoea kupima nyama kwa kilo, lakini mthamini wa wanyamapori hapimi hivyo. Katika kesi nyingi zilizotoka maeneo ya Serengeti, vipande viwili vitatu vya nyama kavu ya nyumbu vimethaminiwa kwa bei ya nyumbu mzima, dola 650 za Marekani, kwa hoja kwamba kipande hakipatikani bila mnyama mmoja kufa. Dola moja ikiwa Sh2,200 za Tanzania, hiyo ni Sh1,430,000. Nyara inayozidi thamani ya Sh1 milioni imekuwa ikimweka mtuhumiwa kwenye hatari ya kifungo cha miaka 20 hadi 30, na kesi za namna hiyo hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Mtu anaingia kwenye hesabu hiyo kwa nyama inayoenea kwenye sufuria moja.

Njia ya salama ni fupi. Mnyama aachwe alipo, dereva aende kituo cha polisi au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu atoe taarifa, na apate kumbukumbu ya taarifa hiyo kwa maandishi. Damu na manyoya kwenye bampa bila taarifa yoyote ni maelezo magumu kuyatoa kwenye kizuizi kinachofuata.

Gari si chombo cha kuwindia

Kuna wanaodhani kwamba mwenye leseni ya kuwinda anaweza kuwinda atakavyo. Sivyo. Sheria hiyo ya 2009 inataja njia zilizokatazwa hata kwa mwenye leseni, na gari ni miongoni mwake. Nyingine ni sumu, nyavu, mitego, moto na taa za kummulika mnyama. Leseni yenyewe hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda.

Jambo hili linamhusu dereva wa mizigo kuliko anavyofikiri. Abiria wa njiani mwenye bunduki na leseni yake halali akiomba lori lipunguze mwendo na taa zielekezwe porini, dereva anayekubali hajatenda wema. Ametoa gari na taa, vitu viwili vilivyokatazwa, na mahakama ina uwezo wa kutaifisha chombo kilichotumika katika kosa. Mwenye lori aliyelala nyumbani Singida ndiye atakayeamshwa na simu.

Bucha halali, mpaka si halali

Asubuhi lori limefika Arusha. Mama mwenye mzigo anataka kumpelekea dada yake Nairobi zawadi. Anakwenda kwenye bucha la nyamapori lenye leseni, ananunua kilo mbili, anapewa risiti. Tangu kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020, mabucha ya aina hiyo yanaruhusiwa Tanzania. Hajavunja sheria yoyote. Akiila Arusha, ni kitoweo kama kitoweo kingine.

Lori linaelekea kaskazini kupitia Longido. Eneo hilo ni pori tengefu, na watu wenye vibali huwinda humo kihalali. Anaweza hata kuona gari la wawindaji wa kitalii likipishana naye. Kila anachokiona kinamthibitishia kwamba nyamapori si tatizo.

Kisha anafika Namanga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Ndege wachache wa kuwindwa walibaki nje ya katazo hilo, lakini kwa wanyama mlango ulifungwa na haujafunguliwa tena. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamgusa anayewinda kwa ajili ya biashara ya nyama, anayeuza na anayekutwa nayo tu. Ilipotungwa iliweka faini isiyopungua Sh200,000 za Kenya au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha.

Mama anatoa risiti kwa kujiamini. Risiti ile inasema wazi kwamba nyama iliyo kwenye mfuko wake ni ya mnyamapori. Karatasi iliyomlinda Arusha inakuwa ushahidi dhidi yake Namanga. Risiti ya bucha ni uthibitisho wa ununuzi ndani ya nchi. Si kibali cha kuitoa nyama Tanzania, wala si kibali cha kuiingiza Kenya. Hata nyama ya ng'ombe haivuki mpaka kwa risiti peke yake, inahitaji vibali vya mamlaka za mifugo.

Kuna jambo jingine ambalo wasafiri wengi hawalitambui. Namanga ni Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018. Katika utaratibu huo, anayetoka Tanzania hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Kenya, na anayetoka Kenya hukamilisha upande wa Tanzania. Utaratibu umepunguza foleni na kila mfanyabiashara anaushukuru. Lakini maana yake ni kwamba mfuko unapofunguliwa, mwenye mfuko tayari yuko kwenye ardhi ya nchi ya pili. Kusema "nilikuwa bado sijavuka" hakuna msaada.

Kwa nini majirani hawafanani

Tofauti hizi hazikuanza jana. Tanzania yenyewe ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, wakati ambao Kenya ilikuwa imefunga. Tangu hapo kila nchi imeshika njia yake. Tanzania inaona uwindaji wa vibali kama chanzo cha mapato ya kuhifadhi mapori na kuvipa vijiji sehemu yake. Kenya imeegemea utalii wa picha na inaona kwamba soko lolote la nyama au nyara humfungulia jangili mlango.

Wanyama wenyewe hawajui mjadala huo. Tembo wa Amboseli, Kenya, huvuka kwenda Enduimet na Longido, Tanzania, na kurudi. Tangu Septemba 2023 hadi mwaka 2024, kuuawa kwa tembo madume wenye meno makubwa upande wa Tanzania, na wawindaji wa kitalii, kulizua mvutano kati ya wahifadhi wa pande mbili. Tembo yule yule alikuwa kivutio kisichoguswa asubuhi, na nyara halali ya mwenye kibali jioni.

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya wa mwaka 1999, katika Ibara ya 116, unazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja na inayowiana kuhusu uhifadhi wa wanyamapori. Mpaka sasa kinachowiana zaidi ni forodha. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 anapata cheti rahisi cha uasilia mpakani na kuvuka. Wengine wamehitimisha kutokana na hilo kwamba chochote kilichozalishwa ndani ya Jumuiya kinapita. Cheti hicho kinahusu ushuru. Hakifuti sheria ya wanyamapori, ya mifugo wala ya silaha ya nchi yoyote.

Panga chini ya kiti

Wapo wasiopitia Namanga. Anayevukia Holili na Taveta kwenda Voi atapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma atakata Hifadhi ya Mikumi. Anayekwenda Mpondwe, mpaka wa Uganda na Kongo, atapita Hifadhi ya Queen Elizabeth. Zote ni barabara za umma na hakuna anayelipa kiingilio cha mtalii. Ndiyo maana wengi husahau kwamba wamo hifadhini.

Mikumi wanalikumbuka kwa sababu ya vibao vya mwendo na faini za kugonga wanyama, ambazo hutofautiana kwa aina ya mnyama. Lakini kuna sheria nyingine isiyo na kibao. Sheria ya Hifadhi za Taifa ya Tanzania inafanya kuwa kosa kukutwa ndani ya hifadhi na silaha ambayo mwenye nayo anashindwa kueleza kwa kuridhisha kwamba haikukusudiwa kuwinda, kuua au kukamata mnyama. Silaha hapo si bunduki pekee. Watu wamefikishwa mahakamani kwa panga, kisu, mkuki na nyaya za kutegea.

Malori mengi yana panga. Ni la kukatia kuni, kufungulia kamba, kusafishia njia gari likikwama. Dereva anayeendesha bila kusimama, panga likiwa kwenye sanduku la vifaa pamoja na jeki na spana, ana maelezo yanayoeleweka. Dereva aliyeegesha porini usiku, panga likiwa mkononi mwa utingo na waya umeviringishwa chini ya kiti, maelezo yake yatakuwa mazito. Sheria ni moja kwa wote wawili. Kinachowatenganisha ni mahali walipo na jinsi walivyokutwa.

Kwa hiyo ndani ya hifadhi kanuni ya dereva iwe moja: usisimame ila kwa dharura. Gari likiharibika, taarifa itolewe kwa lango au askari wa hifadhi walio karibu, na hakuna anayeingia kichakani kutafuta kuni.

Bastola yenye leseni

Wafanyabiashara wanaobeba fedha nyingi wapo wanaomiliki bastola kihalali. Swali lao la kawaida ni kama leseni ya nchi moja inatambulika nchi ya pili. Jibu ni hapana. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Leseni ya Afrika Mashariki haipo.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo ilizifunga nchi za ukanda huu kudhibiti silaha zinazovuka mipaka, si kuzirahisishia njia. Na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti. Wawindaji wa kitalii wanaoonekana wakiingia na bunduki wamepata vibali vya kuziingiza kwa muda, vyenye namba ya kila bunduki na hesabu ya risasi. Hawakuvuka kwa leseni za nyumbani kwao.

Kosa linalowakuta watu wasio na nia mbaya ni kusahau. Bastola imeachwa dukani, lakini risasi tatu zimebaki kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Risasi bila bunduki bado ni kosa. Gari la kuazima nalo likaguliwe kabla halijafika mpakani, si baada ya askari kulikagua.

Vitu vidogo vyenye kesi kubwa

Mbali na nyama, kuna vitu ambavyo hupita mkono kwa mkono sokoni kama zawadi au dawa: usinga wa mkia wa nyumbu, kucha za simba, mafuta ya simba, miiba ya nungunungu, magamba ya kakakuona, yai la mbuni. Muuzaji atasema ni vya kienyeji na vya siku nyingi. Umri wa kitu hauondoi hitaji la kibali.

Kakakuona ni mfano mzuri. Tangu mwaka 2017 aina zake zote zimo kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na biashara yake ya kimataifa imefungwa. Uganda, kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, imefikisha adhabu ya makosa yanayohusu viumbe walio hatarini hadi kifungo cha maisha au faini ya Sh20 bilioni za Uganda. Meno ya tembo, meno ya kiboko na pembe za kifaru zimetajwa moja kwa moja kwenye orodha ya forodha ya Jumuiya.

Hatari kubwa zaidi ni ya vifurushi vya watu. Madereva wengi hupewa mfuko uliofungwa na kuambiwa umpelekee fulani, atakupigia simu. Ukifunguliwa kizuizini, fulani hapokei simu tena. Aliyekutwa nao ndiye anayeanza kujibu.

Kabla ya kuwasha injini

Mzigo unapopangwa, yapo mambo machache ambayo hayagharimu kitu.

Kwanza, chakula cha njiani kiwe kile ambacho hakina maswali. Nyamapori iliyonunuliwa kihalali iliwe katika nchi iliponunuliwa.

Pili, kifurushi cha mtu kifunguliwe mbele ya mwenyewe kabla ya kupakiwa, na jina na namba yake viandikwe. Anayekataa kufungua, mzigo wake ubaki.

Tatu, kabini na sanduku la vifaa vikaguliwe. Waya wa kutegea, risasi na ngozi visikutwe humo. Panga liwekwe pamoja na vifaa vya gari.

Nne, dereva ajue sehemu za njia yake zilizo ndani ya hifadhi, na awe na namba za simu za polisi na za mamlaka ya wanyamapori ya kila nchi anayopita: TAWA na TANAPA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya, UWA kwa Uganda.

Tano, mwenye gari na dereva wakubaliane mapema kwamba mnyama aliyegongwa hapakiwi, na kwamba kuchelewa kwa ajili ya kutoa taarifa hakutakatwa kwenye malipo ya dereva. Madereva wengi huondoka bila kutoa taarifa kwa kumwogopa tajiri kuliko kumwogopa askari.

Anayeuliza mpakani kabla ya kufungua mfuko huelekezwa. Anayekutwa nacho ndipo aulize, huyo huandikiwa maelezo. Maofisa wa mifugo na wa forodha wako kwenye jengo moja Namanga, Holili na Mutukula, na swali kwao halina ada.

Mama wa vitunguu ana njia rahisi. Ile nyama ya Arusha aile na dereva na utingo wake mchana huo huo, kabla ya Longido. Dada yake atapelekewa kilo tano za vitunguu vya Singida. Hivyo vinavuka na karatasi zake zote, na Nairobi vinapendwa.